Nyanya Bila Dawa na Mtani Kutoka Pwani

Jumatatu, 14 Juni 1976

Leo naanza shajara. Sababu ni moja: ushahidi. Mtu akija kuuliza baadaye nani alifanya nini kwenye ekari moja kando ya mfereji, jibu litakuwepo, lenye tarehe.

Mambo yenyewe ni haya. Ekari ile imebaki bila mtu tangu aliyekuwa anailima ahamie Makongolosi kutafuta dhahabu. Kamati ya kijiji imeikata nusu kwa nusu, kwa msimu mmoja wa majaribio. Nusu nimepewa mimi. Nusu amepewa Bwana Kudra Yunusu, mwenye duka pale barabara kuu ya kwenda Igawa. Wote tumepanda nyanya. Jumamosi ya tarehe 10 Julai kamati itahesabu madebe. Mwenye madebe mengi atapewa ekari nzima kwa miaka mitano.

Nikishindwa, nakwenda Iringa kwa mjomba Magesa, kukaa nyuma ya taipureta katika ofisi yake ya kusafirisha mizigo. Baba amekwisha kukubaliana naye. Nimesoma hadi kidato cha sita. Nimelala kwenye mahema ya JKT Mafinga. Nimesoma vitabu vinne vya udongo, kimoja mara mbili. Sikuyafanya hayo ili nipige chapa barua za wenye malori.

Bwana Kudra anatumia mbolea ya gunia na dawa ya bomba. Mimi natumia samadi ya ng'ombe wa Baba, majivu, na akili. Bwana Shamba Liberatus alipita leo, akauliza nanyunyizia nini. Nikamjibu kwamba siweki sumu kwenye chakula cha watu. Akaandika kitu. Nilichungulia daftari lake. Ameandika: "Hanyunyizii."

Alhamisi, 17 Juni

Viwavi. Wameingia kutoka upande wa Bwana Kudra. Dawa yake haiwaui, inawahamisha.

Nilikuwa nimejiandaa. Nimetwanga majani ya utupa, nikayaloweka usiku kucha kwenye pipa, nikayanyunyiza kwa fagio la majani. Kufikia saa tano viwavi walikuwa wanaanguka kama punje za mtama. Ushindi wa sayansi ya kienyeji.

Kisha nikasuuza pipa mferejini.

Nilisahau kwamba utupa ndio uleule wanaovulia samaki. Perege waliibuka matumbo juu kuanzia kwangu hadi daraja la pili. Kijiji kizima leo kimekula samaki. Andendekisye, msimamizi wa mfereji, amekula wanne, kisha akanywa maji, akafuta mdomo, akanifutia zamu zangu za maji kwa wiki mbili.

Nilimweleza kwamba utupa ni jani la asili, halina kiwanda. Akasema hata nyoka hana kiwanda.

Jumapili, 20 Juni

Nyanya zangu zimelegea majani kama watu wanaosikiliza hotuba. Maji ya Bwana Kudra yanapita hatua tatu kutoka kwenye matuta yangu, yakitoa sauti. Amenisalimia kutoka upande wake akiwa amevaa kofia yake ya viua. Amesema pole na kazi. Nimeona kejeli ndani yake.

Wakati wa chakula nilimlalamikia Baba. Akatafuna kwanza. Kisha akasema nisimchukie mtu yule, kwa maana ingawa amezaliwa Iringa mjini, asili yake ni Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo kwa Msukuma ni mtani. Nilikuwa nimewahi kusikia neno hilo lakini shuleni halikufundishwa. Baba akaeleza. Babu zetu walibeba mizigo hadi pwani, wakafia huko, Wazaramo wakawazika. Na wale nao walipofika kwetu ikawa vivyo hivyo. Tangu hapo mtani akichukua kuku wako hukasiriki. Unamtukana, anakutukana, mnacheka, yameisha.

Nikauliza kama sheria hiyo imeandikwa mahali. Akasema hapana. Basi nimeiandika mimi.

Kifungu cha kwanza: Mtani huchukua.
Kifungu cha pili: Aliyechukuliwa hakasiriki.

Baba aliongeza maneno mengi kuhusu kucheka. Sikuyaandika. Hayakuwa ya msingi.

Jumanne, 22 Juni

Zamu ya maji ya Bwana Kudra. Saa nane mchana nimehamisha magunia yake ya mchanga, nikayaelekeza maji kwangu. Sikujificha. Mwenye haki hana sababu ya kunyata.

Saa mbili nzima za maji. Nyanya zimesimama wima. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nimewahi kuona Ruaha ikiwa imejaa.

Bwana Kudra alikuja akakuta mfereji wake una vyura tu. Akatazama magunia. Akanitazama mimi, nimesimama na jembe ndani ya tope. Akauliza kulikoni, binti. Nikamjibu: kifungu cha kwanza.

Hakuelewa. Amekwenda kwa Andendekisye. Andendekisye amekwenda kwa Mwenyekiti. Naitwa kesho.

Jumatano, 23 Juni

Kamati ilikaa katika darasa la tatu. Mwenyekiti Saulo alikalia dawati la mtoto, magoti yakamfika kidevuni, lakini sura yake ilikuwa ya kutisha vilevile. Shtaka: wizi wa maji. Adhabu iliyopendekezwa na Andendekisye: ninyang'anywe nusu yangu leo hii.

Nilisimama. Nikasema mimi ni Msukuma, binti wa Maganga Nkuba. Yule ni Mzaramo. Sisi ni watani. Nilichukua, hakuna wizi.

Kisha Bwana Kudra akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Akasema kumbe mchunga ng'ombe huyu ni wangu. Akasema ana miaka tisa katika nchi hii ya Usangu hana mtu wa kumtukana, amekonda, mkewe shahidi. Mwenyekiti akauliza kama amesamehe. Akajibu mtani hasamehi, kwa kuwa hakukosewa.

Kesi ikafa. Nusu yangu imebaki yangu.

Wengine walikuwa wameanza kutoka, lakini mimi najua thamani ya maandishi. Nikaomba iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba utani kati ya pande hizi mbili unatambuliwa na kamati, kwa vitu vyote, bila ukomo. Mwenyekiti Saulo akaniuliza kama nina hakika na maneno hayo ya mwisho. Nikamwambia nina hakika zaidi na hayo kuliko ya mwanzo. Nikasaini. Bwana Kudra naye akasaini, akiwa bado anafuta machozi.

Nimelala vizuri.

Jumamosi, 26 Juni

Bwana Kudra alikuja asubuhi na mkewe, Bi Jaha. Bila salamu akachukua jembe langu, akaliweka begani. Akatangaza hadi barabarani kwamba jembe halimfai mtu aliyezaliwa ameshika mkia. Akasema kwetu tunaoga mara moja kwa mwaka, na mwaka huu ng'ombe ndio wametangulia.

Kisha akasimama akingoja. Mikono kiunoni, uso umechangamka.

Nilikuwa tayari. Tangu Jumatano nimetayarisha orodha ya matusi kumi na mawili, yaliyofanyiwa utafiti. Nikasoma la kwanza: "Ndugu Kudra, watu wa pwani, kutokana na joto na wingi wa minazi, hawakupata msukumo wa kihistoria wa kufanya kazi."

Akaendelea kungoja. Nikamwambia limekwisha.

Akamgeukia mkewe, akamwuliza hilo ni tusi au ni taarifa ya habari. Bi Jaha akanishika mkono kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, mtani hatukanwi kwa karatasi. Mtazame usoni, useme kitu kuhusu meno yake. Yale meno yanajisemea yenyewe."

Nimeona hoja yake kuhusu karatasi. Nimeihamishia orodha kwenye kadi ndogo ndogo.

Jioni jembe limerudishwa, limenolewa, limefungiwa kambale mkavu kwenye mpini. Nimemrudishia kambale. Sikuwa nimemwagiza.

Alhamisi, 1 Julai

Zinaiva. Kila asubuhi nyekundu inashuka shina baada ya shina. Nazipitia moja moja, na wakati mwingine nasema nazo. Hilo lisitoke nje ya daftari hili.

Upande wa pili majani yameungua kingo. Bwana Kudra alizidisha dawa bombani, akidhani ikiwa kifuniko kimoja kinaua, vitatu vitafukuza hata kumbukumbu. Liberatus alikuja na kamba yake ya kupimia, akahesabu vichala, akapiga hesabu. Kwake, madebe kumi na saba. Kwangu, ishirini na mawili. Aliniuliza kiasi cha samadi kwa shimo. Nikampa kwa mililita. Safari hii ameandika: "Hanyunyizii. Sijui."

Bwana Kudra hakuonekana kuumia. Alizunguka matuta yangu mikono nyuma, akasema naona mtumwa wangu anaijua kazi. Baba alikuwa anapita na ndama. Akamjibu papo hapo kwamba mtumwa huyo anakula nyama, na bwana wake analamba kifuu cha nazi mpaka kinang'aa. Bwana Kudra akafurahi kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Wakashikana mikono wakaenda kunywa maziwa.

Nimeandika tarehe na neno "mtumwa". Nimemwomba Baba asidhoofishe msimamo wangu.

Ijumaa, 9 Julai

Nimevuna tangu alfajiri. Madebe ishirini na mawili kamili. Nimeyapanga kibandani kwa safu, makubwa chini. Nikakaa mbele yake kwenye kigoda, nikafikiria neno "miaka mitano".

Saa tisa alasiri Bwana Kudra amekuja na mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe na mkokoteni ameazima kwa Baba. Mbele ya watu wote waliokuwa wanatoka kisimani amepakia madebe yangu kumi na manne, akiimba. Nilimwambia huu ni wizi. Akasimama, akaweka mkono sikioni, kama mtu anayesubiri sentensi inayofuata. Sikuwa na inayofuata. Kadi zangu zilikuwa nyumbani. Akashusha pumzi, akaondoka polepole, akigeuka nyuma kila hatua chache.

Nilikimbia kwa Mwenyekiti. Alifungua kumbukumbu, akavaa miwani, akasoma: "kwa vitu vyote, bila ukomo." Akanigeuzia ukurasa, akaniuliza saini hii ni ya nani.

Jioni Bi Jaha alikuja. Alisema nikazikomboe, ndiyo desturi, kila mtu anajua. Niende na chochote, yai, hata chumvi kidogo kwenye kiganja. Niingie uani, niyatukane yale meno, nimwekee yai mkononi, naye atapakia mkokoteni mwenyewe. Pilau imekwisha kupikwa. Mumewe amekataa kula, anachungulia njia.

Nilimjibu kwamba mtu hakomboi mali yake mwenyewe. Akiikomboa, amekubali kwamba ilichukuliwa kihalali. Bi Jaha akasema, "Lakini mwanangu, si wewe uliyesema ni halali?" Nilimwambia hilo lilikuwa suala la maji.

Nyuma yangu Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda la kuku, yai mkononi. Nilimkataza. Aliniambia, "Mayu, mama yangu, ni yai tu." Nikamwambia ni kanuni. Akalitazama lile yai kwa muda, akalirudisha.

Nimeandika barua ya malalamiko. Kurasa tatu.

Jumamosi, 10 Julai

Kijiji kizima kilikuja. Yangu yakahesabiwa kwanza: madebe manane. Kisha ya Bwana Kudra: kumi na saba. Kando yake, chini ya majani mabichi ya mgomba, yalikuwa yale kumi na manne.

Mwenyekiti akauliza hayo ni ya nani. Bwana Kudra akasema hayo ni wageni wake tu, wamelala kwake. Kama mwenye wageni ana neno, aseme, waende kwao. Mwenyekiti akauliza mara ya pili. Mara ya tatu. Kila mara watu wote walinigeukia mimi. Baba alikohoa. Bwana Kudra alinitolea meno yote, akayaacha nje, wazi, kama mtu aliyekwenda kwa daktari. Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Meno, dada, sema meno."

Nilisimama nikasoma barua yangu.

Ukurasa wa pili Andendekisye alisinzia. Ukurasa wa tatu Bwana Kudra alifunga mdomo, akaweka kichwa mikononi. Nilipomaliza, Mwenyekiti Saulo akasema madebe huhesabiwa yalipo. Thelathini na moja kwa manane. Ekari ni ya Kudra Yunusu, miaka mitano.

Niliziona barua za wenye malori, moja baada ya nyingine.

Ndipo Bwana Kudra akasimama, akaomba neno. Akasema Mzaramo akishika jembe mawingu hutawanyika, ndiyo maana msimu huu majani yake yameungua. Kwa hiyo hatalima. Ekari nzima, miaka yote mitano, italimwa na mtumwa wake huyu, Regina Maganga, kwa samadi anayoitaka mwenyewe, kwa zamu zote za maji, na mavuno ni yake. Yeye bwana atachukua tenga moja kila mavuno. Na tusi moja, siku litakapopatikana zuri.

Watu walipiga vigelegele. Baba alicheka mpaka akainama. Katibu akaandika yote, na mwishoni Mwenyekiti akamwambia aongeze "bila kubughudhiwa na mtu". Baba alinijia akaniambia sasa safari ya Iringa haipo, nimshukuru mtani, twende nyumbani.

Nimeitwa mtumwa mara ya pili, safari hii mbele ya bendera ya TANU. Hakuna hata mmoja aliyepinga.

Jumatatu, 12 Julai

Barua kwa Mkuu wa Wilaya imekamilika. Kurasa saba. Naomba mambo mawili. Kwanza, uamuzi wote wa Jumamosi ufutwe, kwa kuwa nchi hii haina mabwana wala watumwa. Pili, Kudra Yunusu anyang'anywe ekari, na pasiwe na makubaliano yoyote ya kuilima yanayotokana na umiliki wake.

Mwenyekiti Saulo aliisoma yote akiwa amesimama, kabla ya kugonga muhuri. Akaniuliza kama nimeelewa jambo la pili linamgusa nani. Nikamwambia linamgusa Kudra. Akaniuliza kama ningependa kulala kwanza. Nikamwambia nililala jana.

Nimeipeleka mwenyewe Igawa, nikamkabidhi kondakta wa basi la mjini. Nilipokata kona ya kurudi, Baba alikuwa anakuja mbio, kiatu kimoja mguuni. Aliuliza kama barua imeondoka. Imeondoka. Akakaa juu ya jiwe la maili, akavua kile kiatu kimoja.

Alhamisi, 29 Julai

Jibu lilikuja jana. Nimekubaliwa kila hoja. Uamuzi wa tarehe 10 umefutwa. Makubaliano ya kulima yamefutwa. Kwa kuwa wagombea wote wawili wamo katika shauri, hakuna kati yao atakayepewa. Kijiji kigawe upya kwa mtu mwingine. Andendekisye aliomba jana hiyohiyo. Amepewa. Ameng'oa mashina yangu na anapanda kabichi, na bomba la dawa amenunua kwa Bwana Kudra.

Nilimtaka Mwenyekiti aisome barua mbele ya mkutano. Akaisoma. Nilisimama wakati wote. Hakuna aliyepiga makofi. Wivu, nadhani, si kila mtu anajibiwa na wilaya.

Bwana Kudra alikuja baadaye, kofia mkononi. Akasema kati ya Igawa na Mbeya alikuwa na mtani mmoja tu. Nikamwambia sheria haina mtani. Akanitazama kwa matumaini, akauliza kama hilo ni tusi, kwa sababu kama ni tusi basi ndilo zuri kuliko yote. Nikamwambia ni kauli ya kisheria. Akavaa kofia.

Basi la Iringa linapita Jumatatu saa mbili asubuhi. Baba amefunga sanduku langu. Nimepata nafasi ya kutafakari, na nimegundua kosa langu: barua ya kwanza ilikuwa fupi mno. Kwa hiyo nimekwisha kuandika kurasa kumi na moja kuhusu jinsi mjomba Magesa anavyopaswa kuendesha ofisi yake. Nitamsomea pale pale stendi, akishapokea sanduku.